Kumleta mzee mvuvi afundishe bamvua na maji mafu: tupange vipi?

MwlPangani
Habari za saa hizi wadau. Darasa la Sita letu lina watoto 48, na pwani ni dakika kumi kwa mguu. Tunataka kujaa na kupwa kwa maji, yaani bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo), kufundishwe na wazee wa hapa hapa, mchoro wa kitabuni peke yake hautoshi. Ninalohofia ni mzee aje apige hadithi nzuri, watoto wapige makofi, kisha kwenye jaribio wasiweze kusema hata maji yanakauka saa ngapi. Mnaopanga masomo ya namna hii: siku gani, maswali gani, na watoto wapime nini?

Mwambao
Mwalimu, anza na siku. Fuata mwezi, usifuate ratiba ya wiki. Kwa pwani yetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo bamvua, na inaangukia saa za shule. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: saa nne ile ile maji ndiyo yamejaa. Kwa hiyo wapeleke mara mbili, saa ile ile, mbele ya jiwe lile lile. Mara ya kwanza wanalizunguka kwa miguu, mara ya pili limo ndani ya maji.

Maswali: usimuulize mzee "elimu ya asili ina umuhimu gani". Atakujibu kwa hotuba, na atakuwa hana kosa. Muulize: leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu uandame? Kesho maji yatakauka saa ngapi? Na keshokutwa? Umejuaje? Majibu yaandikwe kwenye daftari kabla hamjafungua jedwali la maji la bandari. Ukifungua jedwali kwanza, mzee anageuzwa mtahiniwa na watoto wanaacha kumsikiliza.

Halafu kuna dakika 50. Vitabu husema maji huchelewa dakika 50 kila siku, lakini huo ni wastani. Siku za bamvua huchelewa kama dakika 40, au pungufu. Kwenye maji mafu huweza kupita saa nzima. Mtoto akizidisha 50 kwa siku tatu kuanzia bamvua atapata saa mbili na nusu, bahari itampa kama saa mbili. Mwachie mzee aeleze tofauti hiyo, maana hapo ndipo ujuzi wake unapoonekana kwa namba. Angalizo jingine: mwezi wa kuandama huanza siku moja au mbili baada ya mwezi mpya wa kwenye almanaka. Darasa likichanganya hesabu hizo mbili, kila kitu kitapishana.

FundiVipimo
Kuhusu kupima. Kosa la kawaida ni kuchimbia nguzo moja juu ufukweni kwa sababu ni rahisi kuifikia. Siku za maji mafu maji hayaifikii na watoto wanaandika sifuri kutwa nzima. Weka nguzo tatu kwa ngazi, ya chini kabisa pale maji yanapokauka siku ya bamvua. Mita mbili na nusu kila moja, sentimita 60 ziwe ardhini, alama kila sentimita 10 kwa rangi ya mafuta. Ncha ya kila nguzo ipande juu ya mwanzo wa inayofuata kwa sentimita 20 hivi. Urefu uhamishe kutoka nguzo hadi nguzo kwa mpira wa maji, ule ule wa mafundi ujenzi; ukiwa na mapovu ndani levo itadanganya, yatoe kwanza. Tumia boriti zilizokwishatumika, usikate mikoko.

Wasome kila nusu saa, tangu saa mbili hadi saa nane. Mawimbi yakiwepo, wachukue kati ya kilele na bonde la wimbi. Wakichora grafu wataona saa ya tatu na ya nne ya kujaa au kupwa ndizo maji yanakimbia, karibu nusu ya kina chote. Kwa jumla, bamvua huwa zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa, maji mafu mita moja hivi.

BiMwani
Mbona mnasema wazee na kumbe mnamaanisha wanaume? Wanaolima mwani na wanaochokoa pweza ndio wanaoishi kwa maji ya kupwa. Mvuvi wa madema (mitego ya samaki) atakueleza maji ya kutegea, mama wa mwani atakueleza siku ngapi za bamvua shamba linafikika. Alika wawili, mmoja wa kila upande, na wakitofautiana usiwapatanishe. Watoto waandike yote mawili, kisha nguzo ziseme.

Pitia kwa mtendaji wa kijiji, lakini nenda mwenyewe nyumbani kwao, usitume mtoto na barua. Nauli na posho yasemwe mapema, maana siku ya bamvua unawatoa kazini. Na muulize kabla ya kumrekodi. Akitaja mahali pake pa kuvulia, sehemu hiyo isitoke darasani, wala isiingie kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

MwlPangani
Ahsanteni sana. Mzee mmoja huhesabu kwa miongo ya Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa pwani. Niiingize?

Mwambao
Iingize, ila kwenye kipindi chake. Miongo ni hesabu ya jua: siku kumi kumi, 36, kisha siku tano za kukamilisha 365. Inahusu misimu, pepo za kaskazi na kusi, na upandaji. Saa ya maji inataka mwezi. Usiibandike kwenye tarehe moja ya kudumu, kwa kuwa haina siku ya nyongeza ya mwaka mrefu na husogea kama siku moja kila miaka minne. Muulize mzee mwaka huu Nairuzi imeangukia lini, muanzie hapo.

BiMwani
Na viatu, mwalimu. Mwamba unakata. Mgeuke kurudi nusu saa kabla maji hayajaanza kujaa, kwa sababu hutangulia kuingia kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, upande wa nchi kavu, wakati fungu la mchanga mlilosimama bado kavu. Mama wa mwani atangulie njia, mzee awe wa mwisho, na watoto wahesabiwe kabla ya kushuka na baada ya kupanda.