Moduli ya wayaringi kwenye Moodle: video nzito, jaribio linagoma bila bando

waya_mwekundu: Habari wakuu. Naandaa moduli ya wayaringi ya majumbani kwa wanafunzi wa chuo cha ufundi VETA, mwaka wa kwanza. Somo la swichi za njia mbili (taa moja, swichi mbili) lina video ya dakika 12, 1080p, MB 400. Simu zao ni ndogo, bando la kubana. Na kwenye app ya Moodle, mfumo wetu wa kozi za mtandaoni, jaribio halifunguki bila intaneti. Nifanyeje?

karakana_kuu: Mkuu, ikate video vipande vya dakika tatu au nne, kila kimoja kitendo kimoja: kumenya waya, kufunga swichi ya kwanza, ya pili, kupima. Ipitishe HandBrake, programu ya kubana video: umbizo la H.264, 480p, kbps 500, sauti kbps 64. Dakika 4 zitatoka kama MB 17. Usishuke chini ya 480p, maandishi ya COM (tundu la pamoja), L1 na L2 (matundu mengine mawili ya waya) nyuma ya swichi yatafifia, na hapo ndipo penye somo lenyewe.

Jaribio: kwenye mipangilio yake ruhusu kufanyika nje ya mtandao kupitia app. Ondoa ukomo wa muda na sharti la anwani ya mtandao, na mrejesho uje baada ya kuwasilisha, si swali kwa swali. Wapakue kwa Wi-Fi ya chuo. Wakimaliza lazima wasawazishe app wakiwa na intaneti, la sivyo alama hazikufikii.

fazi_moja: Naongezea kwenye maswali. Usiulize "COM ni nini?" Onyesha picha ya swichi ya pili ambayo waya wa taa umefungwa L1 na mmoja wa waya za kati (zinazounganisha swichi mbili) umefungwa COM, kisha uliza taa itafanyaje. Jibu: itawaka katika mkao mmoja tu kati ya minne ya swichi hizo mbili. Kosa hili wanafunzi hulifanya sana. Ila kufaulu jaribio hakutoshi, mkono upimwe karakana, umeme ukiwa umezimwa na kuhakikiwa kwa testa.

waya_mwekundu: Asanteni sana. Sasa seva inakataa faili lolote zaidi ya MB 2.

karakana_kuu: Hicho ni kikomo cha kawaida cha PHP, lugha inayoendesha Moodle kwenye seva. Kwenye php.ini, faili la mipangilio yake, weka upload_max_filesize = 32M na post_max_size = 40M. Ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza. Washa upya seva, halafu kagua kikomo cha kozi ndani ya Moodle, nacho kina chake.