Kikundi cha familia: sadaka ya mavuno

*Mama:* Mbukwenyi wanangu. Jumapili ni ibada ya mavuno. Nimeshamwambia mzee wa kanisa nitatoa sadaka ya shukrani. Mwenye nafasi afike.

*Yona:* Shikamoo mama. Shukrani ya nini tena? Kweleakwelea wamemaliza uwele wote wa bondeni. Masuke yamebaki kama fagio.

*Neema (Dar):* Yona jamani 🙄

*Yona:* Nauliza tu dada. Mvua ilichelewa, tukarudia kupanda. Mama kaamia ndege kutwa na debe lake, na goti lile bovu. Deni la trekta lipo palepale.

*Shangazi Mpwapwa:* Unamwonea mama yako huruma, vizuri. Ila hajasema anawashukuru ndege. Mimi wanaonikera ni wale wa "shukuru tu, wapo wenye hali mbaya kuliko wewe". Kwa hiyo nimshukuru Mungu kwa njaa ya jirani?

*Baba Mdogo:* Someni Habakuki 3:17-18. Mizabibu haina matunda, zizi halina ng'ombe, na bado mtu anamfurahia Mungu.

*Yona:* Nabii huyo alikuwa na shamba Hombolo? 😂

*Baba Mdogo:* Cheka tu. Lakini sura ya kwanza alianza kwa kumlalamikia Mungu, nilie hata lini. Wewe bado uko sura ya kwanza, endelea kusoma.

*Mama:* 🎤 Ujumbe wa sauti

*Neema (Dar):* Kwa wasio na bando, mama anasema: bibi yake alipona Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua nafaka na ng'ombe, vijana wakabebeshwa mizigo ya vita, halafu mvua ikakataa. Nyumbani kwao alibaki peke yake. Hakuwahi kusema Mungu alifanya vyema. Ila kila akiwekewa ugali alitulia kwanza. Mama akamuuliza anasema nini. Akajibu, "Namwambia nimekiona."

*Shemeji Halima (Kondoa):* Mama umeniliza. Marehemu mama yangu siku tuliyomzika baba alisema alhamdulillahi huku analia. Hakuna aliyemwambia achague kimoja.

*Yona:* Sawa. Sadaka yenyewe utatoa nini sasa?

*Mama:* Upande wa mbuyu limesalia debe moja. Nusu naipeleka, nusu tutasaga.

*Yona:* Mama, nusu nzima?

*Mama:* Nusu.

*Yona:* Haya, naja Jumamosi nikubebee. Lakini sisimami mbele ya watu.

*Mama:* Nani kakuomba usimame? Njoo na misumari, bati la jikoni limeachia.

*Neema (Dar):* Deni la trekta tuchange, mimi natuma leo jioni. Baba mdogo, pamoja na wewe, usitujibu kwa mistari.

*Baba Mdogo:* 😅 Mwisho wa mwezi.

*Shangazi Mpwapwa:* Naleta mlenda mkavu. Yona aufiche mbali na watoto wa Halima, mara ya mwisho walimaliza chungu kabla hatujanawa.