Unyayo wa kuku umevimba, magamba yamenyanyuka, mwingine hasimami: nianze na nani?

MamaWatatu (Morogoro)
Habari za jioni wafugaji wenzangu. Wiki mbili zilizopita nilichukua kuku sita wa mayai kwa mfugaji aliyekuwa anawauza wachinjwe. Wana miezi kama 18, na muda wote wamekaa kwenye vizimba vya waya. Nataka wamalizie maisha yao wakichakura uani kwangu, ila miguu yao inaniumiza roho. Siwema unyayo umevimba, katikati pana kigaga cheusi. Ukimgusa anauvuta mguu. Mwingine magamba yamenyanyuka, chini yake kuna kitu cheupe kama unga. Subira ndiye ananinyima usingizi: tangu jana alfajiri amekaa tu, akijaribu kusimama anaangukia kifua. Chakula anakula nikimsogezea.

MzeeWaBanda
Mama, anza na Subira, wengine wanaweza kusubiri. Ganda la yai moja linakula kama gramu 2 za kalsiamu. Chakula kisipotosha, kuku anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe, miguu inaisha nguvu. Mpapase tumboni kama kuna yai limekwama. Mpondee maganda ya konokono, mtoe nje kwenye jua la asubuhi, mtandikie maranda, maji yawe karibu na mdomo. Kama mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, hofia mahepe, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, na huo hauna dawa. Lakini kwa umri huo na historia ya kutaga, mimi ningefikiria kalsiamu kwanza. Daktari wa mifugo amwone leoleo.

DadaWaTanga
Kigaga cha Siwema usikikate, dada yangu! Wangu nilimkata kwa wembe, damu ikagoma kukata na uvimbe ukarudi mkubwa zaidi. Siku hizi naloweka mguu kwenye maji vuguvugu ya chumvi dakika 15, nakausha, napaka iodini, nafunga shashi na bandeji, kesho yake narudia. Vaa glovu, bakteria wa uvimbe huo wanaambukiza na watu. Uvimbe ukiwa wa moto au ukipanda juu, ni kazi ya daktari. Akitoa antibayotiki, muulize siku ngapi msile mayai. Vichanja shusha viwe chini ya goti lako, mti uwe laini, maana kuruka kutoka juu ndiko kunakopasua nyayo.

Huyo wa magamba ana utitiri wa miguu. Osha kwa sabuni na mswaki laini, kausha, paka mafuta ya mgando mpaka yaingie chini ya magamba. Usiyabandue. Paka wote sita, rudia kila baada ya siku chache. Wanaosema mafuta ya taa usiwasikilize, yanaunguza ngozi.

MamaWatatu (Morogoro)
Shikamoo Mzee, na ahsante sana dada. Daktari alikuja, yai halikukwama, akamchoma kalsiamu. Leo siku ya nne: Subira amesimama mwenyewe, akayumba, akatembea hatua tano mpaka kwenye maji. Nimelia. Siwema bado namfunga kila jioni, kigaga kimeanza kulainika pembeni. Vichanja mume wangu ameshavishusha.