Mjadala: Jumba la pamba Malindi, tuwape watoto au tungoje mwekezaji?

MLETA MADA
Assalam aleykum, wana Malindi. Mabarazani linazungumzwa pendekezo: jumba kuukuu la kuchambulia pamba, lililobaki kuta na paa, ligeuzwe kituo cha sanaa cha watoto. Wanaopinga wanataka kiwanda kifufuliwe, vijana wapate ajira. Mimi nasema wapewe watoto, tena mapema.

Mashine ziliuzwa vyuma chakavu zamani; sakafuni zimebaki boliti zenye kutu. Mwekezaji akija atataka kiwanja, jengo atalivunja. Ila kwa ngoma ukumbi ule hauna mfano: mpana, hauna nguzo katikati, madirisha yako juu, mwanga unaingia bila jua kumchoma mtoto. Sasa hivi watoto wa mtaa wa Barani wanafanyia mazoezi ya mwanzele, ngoma ya Wagiriama, wapi? Uwanjani, juani!

Na si jambo geni. Ngome ya Lamu ilikuwa jela hadi 1984, leo ni makumbusho. GoDown, kituo cha sanaa cha Nairobi, ilianza 2003 ndani ya ghala la eneo la viwanda. Kule São Paulo, Brazil, msanifu Lina Bo Bardi alikuta familia zikijiburudisha kwenye kiwanda cha mapipa kilichofungwa, akakihifadhi badala ya kukibomoa. Ndiyo SESC Pompeia ya leo, kituo cha utamaduni na michezo.

MZAZI, SHELLA
Ndugu yangu, paa hujaligusa. Kama ni asbesto, vumbi lake likiingia mapafuni ni saratani miaka mingi baadaye. Mwanangu simtii humo. Na gharama nani atabeba?

FUNDI, MAWENI
Mtoto hashibi ngoma. Tupeni kazi kwanza.

MLETA MADA
Mama, paa lipimwe kabla mtoto yeyote hajatia mguu. Likiwa asbesto, liondolewe na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, si vibarua na nyundo. Gharama ni ya kaunti: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa, twendeni tukadai fungu hilo kwa maandishi.

Fundi, nani atatengeneza milango, atawamba ngoma, atashona hando, zile sketi za mwanzele, na kuwafundisha watoto? Mafundi wa hapa hapa, kwa malipo. Hilo liandikwe tangu mwanzo, la sivyo hata mimi sitaliunga mkono.

Mwenye kujua hati ya kile kiwanja iko kwa jina la nani, aseme. Bila hilo hatuwezi kupeleka ombi popote.