Ukumbi wa mji wetu umeacha kuleta waigizaji, sasa unaleta skrini. Tukubali?

Mkazi wa Lincolnshire

Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, naomba tulijadili.

Naishi mji mdogo wa Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, mji usio na stesheni ya treni. Tuna ukumbi mmoja wa halmashauri. Miaka yote niliyokaa hapa, kila msimu kilikuwa kinakuja kikundi cha waigizaji na lori lao dogo. Mchana wanashusha mbao na taa, jioni wanaigiza, saa tano usiku unawakuta uani wanapakia huku wanakula chipsi. Watazamaji 80, siku ikiwa njema 120. Mwaka huu ratiba imetoka na kikundi hakimo hata jioni moja. Badala yake kuna jioni 11 za michezo ya jukwaani iliyopigwa picha London na Stratford, sisi tukaiangalie kwenye skrini.

Kwa ambaye hajakutana na kitu hiki: National Theatre ya London ilianza kurusha michezo yake sinemani Juni 2009, kwa mchezo wa Phèdre, mwigizaji Helen Mirren akiwa mhusika mkuu. Kamera zinapangwa ukumbini pamoja na watazamaji waliokata tiketi zao, na picha inarushwa kwa setilaiti mpaka sinema za mikoani usiku uleule. Sinema iliyokosa usiku huo inaonyesha marudio. Opera ya Metropolitan ya New York ilikuwa imewatangulia, Desemba 2006. Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya Stratford, nao wakaingia 2013 na Richard II ya Shakespeare, David Tennant akiwa mfalme. Sasa hivi ni biashara kamili.

Nilienda, nisije nikasema kitu nisichokiona. Paundi 16, kiti laini, bisi. Na nitasema kweli: kuna mahali kamera ilimsogelea mwigizaji mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake. Kwa kiti ninachokimudu mimi London, kule juu karibu na dari, jasho lile nisingeliona maisha. Lakini dakika chache baadaye baba anamsema mwanawe mbele ya wageni, na mwana kasimama pembeni, kimya. Nilitaka kumwangalia mwana. Kamera ikang'ang'ania baba. Nikajikuta nimepinda shingo kushoto kama mtu anayechungulia nyuma ya nguzo, mpaka mke wangu akanikanyaga mguu.

Mwisho watu wa London wakasimama wanapiga makofi. Sisi huku, kama 25 hivi, tukabaki tunaangaliana. Tupige? Tunampigia nani?

Mimi nimekulia Tanga, kwenye taarab za harusini. Mtu akiguswa na ubeti anainuka na noti yake, anakwenda kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, anamtunza. Mwimbaji anamwona, ubeti ule anaurudia, na waliokusudiwa kwa kile kijembe wanajua wamekusudiwa. Pale mtazamaji ana kazi. Kwenye skrini kazi yangu ilikuwa bisi.

Halmashauri wanasema skrini ni nafuu. Hakuna wa kulipiwa chumba cha kulala, hakuna fundi taa, anatosha kijana mmoja wa kubonyeza mashine na kufagia. Swali langu: ukumbi unaoendeshwa kwa kodi zetu, ni haki ugeuzwe dirisha la kuchungulia London?

Nesi wa Zamu

Kaka, nakuheshimu, lakini hiyo sentensi ya dirisha imeniuma.

Mimi niko Yorkshire, zamu za saa 12. Mwaka 2022 mwigizaji Jodie Comer alikuwa anacheza mchezo wa Prima Facie pale ukumbi wa Harold Pinter, London. Ukumbi wenyewe haufiki viti 800. Tiketi ziliisha kabla sijajua kama kuna mchezo. Na hata ningepata: nauli ya treni kwenda na kurudi, cha kula, halafu mchezo ukiisha unatoka mbio kama mwizi kuwahi treni ya mwisho. Julai ileile ukaja kwenye sinema ya huku, dakika 20 kwa basi.

Ni mwanamke mmoja tu jukwaani, mwanzo mpaka mwisho. Ni wakili anayetetea watuhumiwa wa ubakaji, hodari kweli wa kuwababaisha mashahidi kizimbani, mpaka siku anabakwa yeye. Nilienda na wenzangu watatu wa wodini. Hakuna aliyegusa bisi. Kwenye basi la kurudi mmoja akaanza kusimulia jambo ambalo, kwa miaka sita tuliyofanya naye kazi, hatukulijua. Na hatukuwa peke yetu, maana onyesho hilo lilivunja rekodi ya mapato ya maonyesho ya namna hiyo kwenye sinema za Uingereza.

Sasa unaniambia nilichungulia dirishani. Sawa, nilichungulia. Wengine mlangoni hatujawahi kufika.

Halafu mama mkwe wangu masikio yamechoka. Kuna siku wanaonyesha na maandishi chini ya skrini, siku hizo huwa anavaa kitenge kipya. Kikundi chako cha lori kiliwahi kumwandikia mtu maneno?

Mbishi wa Kudumu

Video ya harusi si harusi. Ulikula pilau? Hukula. Basi hukuhudhuria.

Nesi wa Zamu

Kuna watu tumekosa harusi za ndugu zetu wa tumbo moja kwa ajili ya viza. Hiyo video tunaiangalia mpaka tunajua shangazi yupi alianza kulia dakika ya ngapi. Punguza kidogo.

Mbishi wa Kudumu

Nimepunguza. Lakini pilau hukula.

Setibuku Nakuru

Wakuu wa ughaibuni, kwenu hili ni suala la burudani. Kwetu ni unga.

Nimekuwa kwenye kikundi cha kuigiza vitabu vya kutahiniwa kwa zaidi ya miaka kumi. Tunazunguka shule za upili, kila mwanafunzi anatoa pesa kidogo, tunaigiza tamthilia anayoenda kutahiniwa. Jukwaa ni bwalo la chakula. Meza nne zinafungwa kamba, zingine zinasukumwa ukutani, na tunabadilishia nguo kwenye stoo ya maharagwe. Ukiingia kama kiongozi mwovu wa hadithi unatoka na punje mbili tatu za maharagwe kwenye viatu, na wanafunzi wanakuzomea kwa hasira ya kweli. Tunasimama, tunawaachia wazomee, tunaendelea. Kuna mwalimu huwa anakaa nyuma na kitabu wazi. Tukifika kwenye usemi anaoujua utaulizwa, anainua kidole: "Rudieni hapo." Tunarudia. Kamera haina mtu wa kuinuliwa kidole.

Basi tukajiona wajanja, tukajirekodi wenyewe, tukauza kwa flashi. Mwezi mmoja tukala vizuri. Muhula uliofuata nikapigia shule moja tuliyoizoea. Mwalimu akaniambia, kwa upole kabisa: "Video yenu tuko nayo. Projekta tuko nayo. Ninyi mje mfanye nini?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tisa, tumebaki wanne, na mmoja wetu anaigiza wahusika watatu kwa kubadilisha kofia.

Kwa hivyo siwezi kusema video ni mbaya, mimi mwenyewe niliuza. Nachosema ni kwamba London ikijirekodi, tiketi ya kule Lincolnshire kuna sehemu inarudi London. Kikundi cha lori hakikurekodiwa na mtu. Kimewekwa kushindana na watu wenye ruzuku ya taifa, kamera na Helen Mirren. Mwenye nguvu mpishe, ndiyo, lakini apishwe mpaka kwenye ukumbi wa mtaa?

Mtu wa Takwimu

Naona hisia nyingi, niweke kidogo cha kushika. Taasisi ya Nesta ya Uingereza imelifuatilia suala hili. Mwaka 2010 walitoa utafiti uliolinganisha waliouona mchezo National Theatre na waliouona kwenye sinema. Wa sinema ndio waliosema waliguswa zaidi moyoni. Mwaka 2014 wakatoa utafiti mwingine kuhusu mauzo ya tiketi, kuona kama wanaokaa karibu na sinema zenye maonyesho hayo wameacha kwenda ukumbini. Hawakuona dalili kwamba sinema inaunyang'anya ukumbi watu wake. Kwa hiyo hofu ya "jukwaa linauawa" inahitaji ushahidi kuliko jasho la mdomo.

Mkazi wa Lincolnshire

Mkuu, nashukuru, ila tuangalie waliuliza nini. Waliuliza kama National Theatre inapoteza wateja wake. Jibu: hapana. Wala sishangai, maana aliyemwona Helen Mirren kwenye skrini atatamani kwenda kumwona mzima mzima. Mimi naulizia lori. Aliyeona Helen Mirren kwa paundi 16, Ijumaa ijayo atatoa paundi 14 kumwona kijana wa Grimsby aliyejichorea ndevu?

Hilo la kuguswa zaidi nalikubali bila ubishi. Kamera inakusogeza hadi kwenye kope za mtu, lazima uguswe. Hata daktari wa meno anakusogelea hivyo.

Aliyesimama Uani

Ngojeni niwachanganye wote.

Aprili 2012 Globe ya London, ukumbi wa michezo ya Shakespeare wenye ua wazi katikati, ilianza tamasha la michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kikapewa The Merry Wives of Windsor, ikaitwa Wanawake wa Heri wa Winsa. Walikuja waigizaji wa Kenya, na Mrisho Mpoto kutoka Tanzania akiwa Falstaff, lile libaba lenye tumbo linalotongoza wake za watu wawili kwa barua moja.

Nilisimama uani, paundi 5, hakuna kiti wala paa. Kwenye ubao waliandika muhtasari wa kila onyesho tu, maneno yenyewe hayakutafsiriwa. Basi Waswahili tunacheka, Waingereza wametulia. Halafu wanacheka wao, kwa sababu wametuona tunacheka. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nikawa mimi ndiye ninayejua kinachoendelea. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa mbele yangu akageuka kuniuliza, "Kasema nini?" Nikamtafsiria nusu. Nusu nyingine haitafsiriki kwa bibi wa watu.

Sasa hapo ninyi mnaopenda lori mnashangilia. Subirini. Mchezo ule ulikaa pale siku mbili, ukaondoka. Kamera zilikuwepo. Binti yangu amezaliwa Leicester, Kiswahili chake ni "nipe" na "sitaki". Ameuangalia ule mchezo kwenye kompyuta mara nyingi kuliko katuni, na sasa ananitukania wageni kwa Kiswahili cha Winsa. Kikapu cha nguo chafu wanachomfichia Falstaff amekiigiza nyumbani, paka ndiye Falstaff. Bila rekodi ile ningekuwa baba anayesimulia uongo wa ujana wake.

Siku ile nilikwenda na dada yangu, akapiga kigelegele kirefu mpaka mlinzi akatutazama vibaya. Kila nikiangalia rekodi nakitafuta. Kuna sauti fulani mahali. Dada anaapa ni yake. Mimi nadhani ni kiti.

Setibuku Nakuru

Mzee, hapo umesema uani hakuna viti.

Aliyesimama Uani

Basi ni yake.

Nesi wa Zamu

Nimecheka kwenye chumba cha dawa, nimetazamwa. Ila kaka wa Lincolnshire, hujajibu. Kama ukumbi una jioni 11 na watu wa kwenda wapo, kwa nini tugombane na skrini badala ya kugombana na waliopanga ratiba? Aliyemfuta mwenye lori si Jodie Comer. Ni mtu ana jina na ana kiti kwenye halmashauri.

Mkazi wa Lincolnshire

Dada, hilo nakupa, na neno "dirisha" nalifuta. Nililiandika nikiwa na hasira na kamera iliyoninyima yule mwana.

Kikao cha ukumbi ni Alhamisi. Nitasimama, na nitasema hivi: jioni tisa za skrini zibaki, mbili kati yake ziwe na maandishi chini kwa ajili ya akina mama mkwe. Hizo mbili zilizobaki apewe mtu mwenye mwili. Na kile kinachobaki ukumbini baada ya London kuchukua chake, ndicho kimlipie chumba na mafuta. Mtu wa Takwimu, ukiwa na nafasi nisaidie kupanga hesabu, maana wale hawasikii hadithi za Tanga.

Jana nilimpigia kiongozi wa kikundi kumwambia ajiandae. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia lori wameliuza Machi.

Setibuku Nakuru

Pole sana. Mwambie meza nne na kamba zinatosha. Akikosa stoo ya maharagwe nitamwelekeza.

Mtu wa Takwimu

Nitumie ratiba na bei za tiketi. Siahidi kwamba hesabu itakupendelea.

Mbishi wa Kudumu

Mmezunguka wee, swali la kwanza kabisa mmeliruka. Mkazi, usiku ule London wamesimama na ninyi 25 mnaangaliana. Ulipiga makofi au hukupiga?

Mkazi wa Lincolnshire

Nilipiga. Mara tatu hivi. Halafu nikamwona yule kijana kasimama mlangoni na fagio, nikaacha.