Tupeane uzoefu: ni nini kilikuliza baada ya kumzika baba?

Nyar Alego: Siku tulipomzika mzee kule Alego sikulia. Nilikuwa mbio na masufuria, wageni, hema lililochelewa. Watu wakasema nina roho ngumu. Miezi minne baadaye, Jumapili, niko soko la Kibuye, Kisumu, nachagua sweta za watoto, yule jamaa wa viatu vya mitumba akaniita: "Dada, mwambie mzee saizi 11 yake imepatikana. Ngozi tupu. Alishaniachia mia mbili."

Baba alikuwa na miguu mikubwa ajabu, kumpatia kiatu ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Na akikipata, akikutana na mtu peku, anavua. Mama aligomba hadi akachoka. Safari moja alirudi na malapa ya kike, ya waridi, visigino vinaburura chini.

Nilisimama pale na sweta mkononi. Nikasema, "Sawa, nitamwambia." Nikapanda tuktuk, nikalia hadi Nyamasaria. Dereva alikataa nauli.

Boda wa Kondele: Pole sana dada. Kwangu ni kikohozi. Mtu akikohoa nje kabla ya kubisha, nainuka.

Mtoto wa Landi: Wangu alikuwa mtu wa reli. Treni ya abiria iliporudi Kisumu Desemba 2021, alikuwa ameshalala. Honi ilipolia nikatoka nje na kikombe cha chai, kama zamani tukingoja viazi vyake vya Molo. Nusu gunia, na robo imeshagawiwa kabla hajafika mlangoni.

Mkwe wa Bungoma: Kwetu ilikuwa suti. Mzee alikuwa nayo moja tu, ya kijivu, na nusu ya vijana wa Webuye wameolea humo. Alhamisi tunatafuta nguo ya kumvalisha, suti haipo. Mama akakumbuka: iko Kimilili kwa kijana anayeoa Jumamosi. Na Jumamosi ndiyo mazishi! Nikapiga simu. Kijana akanyamaza, kisha akauliza, "Mwenye suti ndiye amefariki?" Ijumaa usiku akafika kwa pikipiki, mvua hiyo, suti ameifunga ndani ya karatasi ya nailoni, imepigwa pasi. Kesho yake akaoa na sweta ya shule ya kaka yake. Siku ya tatu baada ya mazishi mzee wa kumuse, yule msemaji wa jadi wa Wabukusu, akasimama, akaongea koo, vita, uhamaji, tukakaa hadi miguu ikafa ganzi. Ya suti hakugusa.

Mama Kibanda: Wueh! Sweta! Na bibi harusi alisema nini?

Mwalimu Mstaafu: Hadithi tamu mno hiyo. Mochari gani inavalisha maiti Ijumaa usiku?

Mkwe wa Bungoma: Mwalimu, nimeandika usiku ndipo suti ilifika. Tulimvalisha Jumamosi alfajiri.

Mama Kibanda: Mwalimu tupishe, tunangoja bibi harusi.

Mwalimu Mstaafu: Haya. Lakini wangu naye alikuwa wa kugawa hivyo hivyo. Aligawa hadi karo yetu. Siku ya mazishi uwanja ulijaa watu wanalia, mimi nahesabu madeni.

Boda wa Kondele: Mwalimu, huyo bado ni babako.

Mwalimu Mstaafu: Nimekataa?

Nyanya wa Njoro: Nyar Alego mjukuu wangu, nenda umwambie huyo wa viatu. Si vizuri amngoje mtu aliyezikwa.

Boda wa Kondele: Usimwambie! Kwake mzee bado yuko, muache hivyo.

Mtoto wa Landi: Vichukue uvae mwenyewe, soksi tatu.

Mama Kibanda: Kiatu cha marehemu?? Shindwe!

Mtoto wa Landi: Hakukivaa hata siku moja, kitakuwaje chake?

Mama Kibanda: Na ile mia mbili ni ya nani?

Nyar Alego: Nimetoka Kibuye sasa hivi. Alikuwa amevifunga kwa gazeti, amevisugua rangi. Nimemaliza deni. Akauliza mzee anaendeleaje, nikasema amepumzika. Sijui alielewa vipi. Viko chini ya kitanda. Mkwe, bibi harusi alisema nini?

Mkwe wa Bungoma: Kwamba sweta imemkaa kuliko ile suti.

Mama Kibanda: Huyo mimi ningemwolea ndugu yangu.