Skana ya infraredi kwa mifuko ya vakyumu ya dagaa: ninunue au niache?

Kijana wa Mwaloni: Wakuu, habari za majukumu. Nafungasha dagaa wakavu hapa Kirumba, Mwanza, nauza Dar na mikoani. Mzigo wa mwisho wa mifuko ya vakyumu (ile inayonyonywa hewa ikabana) muuzaji kaniapia una tabaka la nailoni halisi na la poliethilini, ila pakiti zinalegea kabla hazijamfikia mteja. Kuna jamaa ananiuzia skana ya mkononi ya infraredi ya karibu, unaigusisha kwenye mfuko inataja plastiki. Bei imechangamka. Itanifaa?

Dada Maabara: Nusu nusu. Inamulika mwanga usioonekana, wenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 780 hadi 2500, na kila plastiki inaumeza kivyake. Kama nailoni haimo kabisa, unaweza kumbaini muuzaji. Tundu haitaliona. Muulize jamaa kama imefundishwa kusoma mifuko ya tabaka mbili, maana nyingi zinajua plastiki moja moja tu. Mfuko wenyewe mwembamba, ukunje mara kadhaa ndipo upime, tena uwe mtupu na mkavu. Maji yanameza sana mwanga huo, hasa karibu na nanomita 1450 na 1940.

Fundi Nyakato: Na mifuko myeusi sahau, kaboni inaumeza mwanga wote. Yenye aluminiamu inaurudisha.

Mama Sangara: Mwanangu, hela hiyo itulize kwanza. Chukua pakiti iliyolegea, izamishe kwenye beseni la maji, ibonyeze taratibu. Mapovu yakitokea mdomoni, ujue vumbi la dagaa limenasa pale mashine inapobana. Kunja mdomo wa mfuko kwa nje kabla hujajaza, ubaki msafi. Yakitokea ubavuni, dagaa wametoboa, tafuta mfuko mnene zaidi. Usipoona povu lolote, hewa huenda inapenya kwenye plastiki yenyewe kwa kukosa nailoni ya kuizuia. Hapo ndipo skana ina kazi.

Kijana wa Mwaloni: Shikamoo mama. Nimezamisha za dukani, nyingi zinatoa povu mdomoni. Ila zipo zilizolegea na hazitoi kitu.

Mama Sangara: Marahaba. Hizo usizichanganye na nyingine.

Dada Maabara: Kata kipande cha mfuko mtupu wa mzigo uleule, kichome nje penye upepo. Nailoni hunuka nywele zilizoungua, poliethilini hunuka mshumaa. Ukisikia mshumaa mtupu, usimlipe muuzaji salio lake, peleka sampuli maabara upate karatasi ya kumbana nayo.

Fundi Nyakato: Huyo jamaa wa skana mwambie aje nayo aipime mifuko yako mbele yako. Akikataa, achana naye.